Karatasi Tupu ya Keswick: Kisa cha Barua Iliyosomwa Bila Kufunguliwa

Mlangoni mwa nyumba ndogo ya mashambani, karibu na mji wa Keswick kaskazini-magharibi mwa Uingereza, mpeleka barua amesimama anadai shilingi moja. Mama mwenye nyumba hataki kulipa. Wanavutana kidogo, na mwishowe mama anaikataa ile barua: irudi ilikotoka. Hapo anapita mshairi Samuel Taylor Coleridge. Siku hiyo yeye mwenyewe hana shilingi ya kuchezea, lakini huruma inamshinda, anaingiza mkono mfukoni na kulipa. Mpeleka barua anapopotea machoni, mama anamweleza mfadhili wake ukweli. Barua imetoka kwa mwanawe, na haikukusudiwa kulipiwa hata kidogo. Ni njia ya kijana kumjulisha mama yake kwamba hajambo. Wanaifungua. Ndani hamna neno hata moja.

Hivyo ndivyo kisa kilivyochapishwa katika kumbukumbu za mazungumzo ya Coleridge baada ya yeye kufariki mwaka 1834. Familia ya Rowland Hill, mrekebishaji wa posta ya Uingereza ambaye tutakuwa naye sana hapa chini, ilikisimulia kwa namna yake: aliyetuma ni kaka, aliyeletewa ni dada, na mapatano yao yalikuwa kwamba kaka akiwa mzima atatuma karatasi tupu mara moja kila miezi 3. Baadaye wasimulizi wengine wakamtoa Coleridge kabisa, wakamweka Hill mwenyewe barabarani, na yule dada akageuka kuwa binti mwenye mchumba wa mbali. Kisa kitamu hakikosi wa kukivisha nguo mpya. Kiini chake hata hivyo hakijaguswa na mtu: barua imesafiri, imefika, imesomwa, na haijalipiwa.

Kwa kawaida watu hukitaja kisa hiki kama kichekesho cha maskini mjanja, kisha hao wanakimbilia stempu ya kwanza duniani. Mimi nataka nikae kidogo pale mlangoni, kwa sababu pale ndipo mambo yote yalipo.

Ujumbe ulikuwa wapi?

Tujiulize posta ilibeba nini siku ile. Ndani ya karatasi hamkuwa na kitu. Lakini nje mlikuwa na anwani, na mama aliujua mwandiko wa mwanawe: basi yu hai, na mkono wake haujatetemeka. Palikuwa na mhuri wa posta: basi yuko mahali fulani, na siku fulani alikuwa bado pale. Na barua yenyewe ilifika wakati wake: basi mapatano hayajavunjika. Habari zote ambazo mzazi anazitaka kwa mtoto aliye mbali zilikuwa juu ya ganda, na kulitazama ganda hakukuwa na bei. Kilichouzwa shilingi ni kile cha ndani, na cha ndani hakikuwapo.

Nani kati yetu asiyeujua mchezo huu? Sisi tuliuita kubipu. Miaka ya mwanzo ya simu za mkononi, wakati vocha ya kukwangua ilikuwa inakwenda na mtu wiki mbili, tulikuwa na utaratibu na shangazi yangu wa Tanga. Bip moja, nimepanda basi. Mbili, nimefika. Tatu mfululizo, kuna jambo, nipigie. Siku moja nimeshuka stendi, nabipu ile ya kwanza kati ya mbili, simu ikapokewa. Shangazi alikuwa uani anapepeta mchele, simu iko mezani sebuleni, na mgeni wake, mzee mmoja mwenye adabu zake, aliona si vizuri simu ya watu iite bila kujibiwa. "Haloo? Haloo, nani mwenzangu?" Salio langu likaishia kwenye ile haloo ya pili. Ya pili katika bip zangu haikupigwa, kwa hiyo kwa mujibu wa mapatano mimi nilikuwa bado njiani, na shangazi alikaa na wasiwasi mpaka jioni.

Coleridge ndiye yule mgeni. Alipokea bip.

Tofauti ni moja, na ni muhimu. Kwenye simu anayekatwa pesa ni anayepiga, kwenye barua ya Keswick ni anayepokea. Lakini tundu la kupenyea ni lile lile: chombo kinatoa huduma kwanza, kinadai malipo baadaye, na katikati ya huduma na malipo habari imeshavuja.

Mshumaa, karatasi na shilingi

Posta ya Uingereza ya wakati huo ilitoza kwa vitu viwili, idadi ya karatasi na masafa. Kwa viwango vya mwaka 1812, karatasi moja kwa safari isiyozidi maili 15 ilikuwa peni 4. Kati ya maili 80 na 120 ilikuwa peni 9. Kati ya maili 230 na 300 ilikuwa peni 12, yaani shilingi nzima. Ukiweka karatasi mbili, bei mara mbili. Bahasha nayo ilihesabiwa karatasi, kwa hiyo mwenye akili zake hakutumia bahasha: aliandika, akakunja karatasi yenyewe, akaweka anwani mgongoni, akaibana kwa lakiri. Aliyekuwa na mengi ya kusema aliigeuza karatasi upande na kuandika upya juu ya mistari ya kwanza, maneno yakapishana kama ukindu wa mkeka, na msomaji akabaki kuinamisha kichwa huku na huku. Karani wa posta naye alikuwa na kazi ya kuinua barua mbele ya mwanga wa mshumaa, achungulie kama kuna karatasi ya pili au noti ya benki iliyojificha kwenye mikunjo.

Sasa weka bei hiyo kwenye maisha ya mtu. Kibarua wa shambani katika Uingereza ya miaka ya 1830 alipata shilingi kama 10 kwa wiki ya siku 6. Barua moja ya shilingi ilikula zaidi ya nusu ya ujira wake wa siku. Tuseme leo kuna mtu analipwa 15,000 za Tanzania kwa siku nzima ya kubeba zege, anarudi nyumbani jioni, anaambiwa: kuna barua ya mwanao, lete 9,000. Na hajui ndani mna nini. Labda mna habari ya msiba, labda mna salamu tu, labda mna maombi ya kutumiwa pesa. Anatakiwa anunue mbuzi kwenye gunia.

Kumlipia mwenzako mapema iliwezekana, ila haikuwa desturi, na wapo walioona ni kama tusi, kana kwamba unamwambia mtu: najua huna. Basi mzigo ukawa unamwangukia mpokeaji, naye hakuchagua siku. Rowland Hill, aliyezaliwa mwaka 1795 katika nyumba ya mwalimu mwenye watoto wengi na fedha haba, alikumbuka hadi uzeeni jinsi mama yake alivyokuwa akiogopa mpeleka barua asije akabisha hodi siku ambayo nyumbani hakuna kitu. Hofu ya kuletewa barua! Mtoto aliyekua akiiona hofu hiyo usoni mwa mama yake hahitaji kuelezwa na mtu kwa nini yule mwanamke wa Keswick aliweka mapatano na mwanawe.

Je, alikuwa anaiba? Sheria haikumlazimisha mtu kupokea barua asiyoitaka, kwa hiyo kukataa hakukuwa kosa. Lakini tusimwoshe sana. Ile karatasi ilibebwa kwa farasi, ikashikwa na mikono ya makarani, ikatembezwa kwa miguu hadi mlangoni, na ikikataliwa ilipaswa kurudishwa, ambayo ni kazi nyingine isiyo na malipo. Kuna mtu aliigharamia, na mtu huyo ni yule mwingine aliyelipa barua yake kwa uaminifu. Hadi hapo mshtaki ana hoja.

Hoja inapungua nguvu ukiuliza gharama yenyewe ilikuwa kiasi gani. Hill aliifanya hesabu hiyo katika kijitabu alichokitoa mwaka 1837. Barua ya karatasi moja kutoka London hadi Edinburgh ilitozwa shilingi 1 na peni moja na nusu. Hill akachukua gharama ya gari la posta safari nzima, akaigawanya kwa mzigo uliobebwa, akapata kwamba kuisafirisha barua moja njia hiyo yote kuligharimu sehemu moja ya 36 ya peni. Isomwe tena: peni moja igawanywe mafungu 36, uchukue fungu moja. Zilizobaki, ukiacha makarani na wapeleka barua, zilikuwa kodi iliyovaa koti la posta. Mama wa Keswick hakukwepa gharama ya usafiri. Alikwepa kodi, na aliikwepa kwa kusimama tu mlangoni mwake.

Mrekebishaji naye alikuwa na bip zake

Mama wa Keswick hakuwa peke yake. Inasimuliwa habari ya familia iliyotawanyika ambayo kila mmoja wao aliandika mstari mmoja wa anwani kwa mwandiko wake. Mpokeaji alitupia jicho, akahesabu mistari, akajua wote wazima, akairudisha barua. Wengine walitumia magazeti. Gazeti lilikuwa limeshalipiwa ushuru wa serikali kabla ya kuuzwa, hivyo posta ililibeba bure, na watu wakachukua pini wakatoboa vitundu chini ya herufi moja moja. Mpokeaji aliinua ukurasa kwenye mwanga, akaunganisha herufi, akapata barua yake.

Ila mfano ninaoupenda zaidi ni wa Hill mwenyewe, na aliusimulia bila haya. Mwaka 1823 hivi alikwenda mapumziko kupitia eneo lile lile la Keswick, lenye maziwa na milima, na kuendelea hadi Scotland, afya yake ikiwa si nzuri. Nyumbani walitaka kujua hali yake. Akabeba rundo la magazeti ya zamani. Utaratibu wa wakati huo ulitaka juu ya karatasi ya kufungia gazeti pawe na jina la mjumbe wa Bunge, desturi tu ya kujaza nafasi, ambayo hakuna aliyeijali. Hill akaona hapo pana nafasi ya kusemea. Mhuri wa posta ungeonyesha amefika wapi na lini. Jina la mwanasiasa lingeonyesha anajisikiaje: akiandika jina la mwanamageuzi, anaendelea vizuri, akiandika la mhafidhina, anarudi nyuma. Sir Francis Burdett, mpinzani machachari, maana yake nina nguvu tele. Na Lord Eldon, jaji mkuu wa serikali aliyepinga karibu kila badiliko? Hill alisema jina hilo pengine lingemfanya mmoja wa kaka zake afunge safari kumfuata kwa wasiwasi.

Huyu ndiye mtu ambaye baadaye nchi nzima ilimkabidhi posta airekebishe. Sioni unafiki hapo. Naona fundi aliyewahi kupita kwenye tundu, kwa hiyo anajua upana wake.

Tundu la wakubwa

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosimulia kisa hiki kama kwamba posta iliumizwa na akina mama wa vijijini. Karatasi moja tupu kila miezi 3 haiangushi shirika. Kulikuwa na tundu jingine, pana, lenye kibali cha sheria, na waliopita humo walivaa mawigi.

Wabunge na malodi walikuwa na haki ya kutuma barua bure kwa kuandika jina lao pembeni mwa anwani. Haki hiyo iliwekwa kwa ajili ya shughuli za Bunge. Muda si muda mbunge akawa anasaini karatasi tupu (tupu kweli, lakini za aina nyingine hizi!) na kuwagawia marafiki, jamaa na wapiga kura wajaze wenyewe. Ilikuwa takrima ya bei nafuu kuliko zote: kalamu tu. Watu wakaanza kughushi saini. Mwaka 1764 kughushi huko kukafanywa kosa kubwa, adhabu yake kuhamishwa nchi kwa miaka 7. Hakukukoma. Mwaka 1784 wakaongeza sharti kwamba mbunge aandike kwa mkono wake anwani yote pamoja na mji na tarehe kamili. Mwaka 1795 wakaweka kikomo: barua 10 za kutuma na 15 za kupokea kwa siku, kila moja isizidi wakia 1. Kikomo! Barua 25 kwa siku, kila siku, kwa kila mtukufu, ndicho kilichoonekana ni kubana.

Na zamani zaidi, katika meli zilizobeba barua kwenda Ulaya, kumbukumbu za vitu vilivyopitishwa bure zinachekesha mpaka zinaudhi. Mbwa wa kuwinda jozi 15, wakielekea kwa mfalme mmoja wa huko. Watumishi wa kike wawili, wanakwenda kumfulia nguo balozi. Mapande manne ya nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa bwana mmoja wa Rotterdam. Daktari mmoja na ng'ombe wake, pamoja na "mahitaji mengine mbalimbali". Ng'ombe, kwa posta, bure. Ukimaliza kusoma orodha hiyo hutathubutu kumnyooshea kidole mama wa Keswick.

Wafanyabiashara hawakuwa na saini, lakini walikuwa na marobota. Barua za ofisi zilifichwa ndani ya vifurushi vya bidhaa, zikapewa wenye magari ya abiria, zikasafiri pamoja na vitambaa na chai. Posta ndiyo peke yake iliyoruhusiwa kubeba barua, kwa hiyo hii ilikuwa magendo, na ilifanywa mchana kweupe. Richard Cobden, mfanyabiashara wa Manchester aliyekuja kuwa mwanasiasa mashuhuri, aliieleza kamati ya Bunge kwamba kwa anavyoamini haifiki hata moja kati ya barua 6 zilizokwenda baina ya Manchester na London iliyopitia posta. Kwa msomaji wa huku hilo halihitaji maelezo marefu. Bahasha ngapi zimesafiri Mwanza hadi Dar es Salaam mfukoni mwa kondakta, zimeandikwa pembeni "kwa mkono wa" fulani, na shukrani yake ni soda? Tofauti ni kwamba wa Manchester walikuwa na uwezo wa kulipa na bado hawakulipa.

Basi kwa nini kisa kilichovuma ni cha mwanamke wa kibandani, si cha ng'ombe wa daktari? Nadhani ni kwa sababu kilifaa. Wakati Hill na wenzake wanapigania mageuzi, kisa cha Keswick kilikuwa na vyote: maskini, upendo wa mzazi, mpita njia mwenye huruma, na serikali inayokosa shilingi yake kwa sababu imeweka bei kubwa mno. Wabunge wangeweza kukisikiliza bila kujiona wao ndani yake. Ndiyo maana sishangai kwamba kina matoleo mengi. Sitilii shaka kwamba mambo ya namna hiyo yalitokea. Ushahidi wa ujanja wa anwani na magazeti ni mwingi. Ila kama ningekuwa wakili, nisingeegemeza kesi yote kwenye shilingi ya Coleridge.

Dawa haikuwa polisi

Serikali ingeweza kufanya kinachofanywa siku zote: kuongeza ukaguzi, kuwatoza faini wanaokataa barua, kuwakamata wenye magari. Hill aliliona tatizo liko kwingine. Bei ni kubwa, na inadaiwa mwisho wa safari. Rekebisha hayo mawili, na ujanja utakufa wenyewe kwa kukosa faida.

Sheria ilipita tarehe 17 Agosti 1839. Desemba mwaka huo wakajaribu peni 4 kwa nchi nzima. Tarehe 10 Januari 1840 ikawa peni 1 kwa barua ya hadi nusu wakia, iende mtaa wa pili au iende mwisho wa nchi, na siku hiyo hiyo haki ya wabunge kutuma bure ikafutwa. Masafa hayakuhesabiwa tena, karatasi hazikuhesabiwa tena, mshumaa ukazimwa, bahasha ikapata maisha. Na kuna kifungu kidogo ambacho mimi nakiona ndicho roho ya kazi yote: ukilipa kabla, peni 1, usipolipa, mpokeaji atatozwa peni 2.

Mpime yule mama kwa kipimo hicho. Mwanawe anaweza bado kumtumia karatasi tupu bila kulipa, na mama anaweza bado kuikataa. Hakuna aliyemkataza. Lakini kwa peni moja kijana anaweza kumwandikia ukurasa mzima: nimepandishwa mshahara, kikohozi kimepona, nimepata mchumba. Bip inakufa pale ambapo kupiga simu kunakuwa rahisi kuliko kukaa na kukumbuka bip tatu zilimaanisha nini. Sisi wenyewe tumeyaona. Kampuni za simu hazikumshitaki mtu kwa kubipu. Zilileta ujumbe wa bure wa "tafadhali nipigie", zikaleta vifurushi, na leo kijana wa miaka 15 ukimwambia "nibipu ukifika" anakutazama tu.

Barua zilizokuwa kama milioni 76 mwaka 1839 zikaruka hadi karibu milioni 169 mwaka 1840. Haikuwa sherehe kwa kila mtu, lakini. Faida ambayo hazina ilikuwa ikiivuna kutoka posta, zaidi ya pauni milioni 1.6 kwa mwaka, ilianguka hadi karibu nusu milioni, na ilichukua zaidi ya miaka 20 kuirudia. Waliopinga mageuzi waliibeba hesabu hiyo kwa furaha miaka mingi. Hawakuwa waongo. Walihesabu tu upande mmoja wa daftari.

Mchezo wahamia kwenye stempu

Stempu nyeusi ya peni moja, yenye kichwa cha Malkia Victoria, ilianza kutumika rasmi tarehe 6 Mei 1840. Ujanja ulihama nayo. Kama uthibitisho wa malipo ni kikaratasi, basi anayetaka kutuma bure atakitafuta kikaratasi. Posta ilikuwa ikiichafua stempu iliyotumika kwa mhuri wa msalaba wa wino mwekundu. Juu ya stempu nyeusi wekundu haukuonekana vizuri, na mbaya zaidi ulikuwa unafutika. Watu wakabandua, wakasafisha, wakabandika upya. Mwaka 1841 posta ikageuza mambo: stempu ikawa nyekundu, wino wa mhuri ukawa mweusi. Stempu nyeusi, ambayo leo wakusanyaji wanaigombania, iliishi mwaka mmoja tu, na iliuawa na watu wenye kitambaa na dawa ya kufutia.

Ukipata stempu ya zama hizo itazame pembe za chini kwa makini. Kuna herufi mbili ndogo. Karatasi moja ya stempu ilikuwa na 240, safu 20 za stempu 12, kwa sababu peni 240 ndizo pauni 1. Kila stempu ilipewa herufi zake kulingana na mahali ilipokaa: ya kwanza kabisa AA, inayofuata AB, na hivyo hivyo hadi TL. Shabaha ilikuwa kumkwamisha mghushi. Mtu akichonga stempu moja ya bandia na kuichapa mara mia, zote zitatoka na herufi zile zile, na karani ataanza kujiuliza mbona leo kila barua ni BC. Ila wakaja wengine na mkasi. Mhuri ukigusa upande mmoja tu wa stempu, nusu iliyobaki ni safi. Chukua nusu safi ya juu ya hii, nusu safi ya chini ya ile, unganisha, umepata stempu mpya. Jibu la posta likawa kuweka herufi kwenye pembe zote nne, za juu zikiwa zile za chini zilizogeuzwa. Stempu ya peni ilifikiwa na badiliko hilo mwaka 1864. Nusu mbili za ndoa isiyo halali zilianza kutoa ushahidi dhidi yake zenyewe.

Kuna na ule ujanja unaodumu katika kila nchi yenye posta: barua haina stempu, jina la unayemtaka umeliandika mahali pa mtumaji, na umeombea irudishwe "kwake". Huo ni udanganyifu wa wazi, tofauti na kukataa barua mlangoni, na tena hauna akili sana. Barua isiyolipiwa inapigwa mhuri wa T, herufi iliyotoka kwenye neno la Kifaransa la ushuru, na anayeifuata dirishani ndiye anayedaiwa, kwa desturi ya zamani ya kimataifa mara mbili ya kilichopungua. Rafiki yako hakukutuma umletee deni.

Narudi mlangoni. Kwa mfumo wa zamani ilibidi mpeleka barua abishe hodi, asubiri, adai, apokee shilingi, arudishe chenji, au arudi na barua yake. Mlango ulikuwa kaunta ya posta, na ilikuwa lazima mtu atoke. Barua zilipoanza kulipiwa mapema, hakukuwa na haja ya mtu kutoka. Posta ikawaomba wananchi watoboe mwanya mlangoni, barua idondoshwe ndani na mpeleka barua aende zake. Wengi wakatoboa. Bwana mkubwa mmoja, Lord Londonderry, aliudhika. Je, Mkuu wa Posta anatarajia kweli, aliuliza, kwamba yeye ataukata mlango wake wa mahogani?